Mtani Aliyejua Mwendo wa Mke Wangu

Amani iwe juu yenu, ndugu zangu, mama zangu na shangazi zangu wa chama. Mwenyekiti amenisimamisha mara tatu katika vikao vilivyopita, na mara zote tatu nilisema kichwa kinaniuma. Leo hakiumi. Leo nitasema, na nikikosea maneno mnivumilie, maana shule yangu iliishia darasa la nne na mimi si msemaji. Hata marehemu mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia wenzake kwamba ukitaka nitoe maneno mawili lazima unifuate siku mbili.

Wenzangu waliosimama hapa mbele yangu wamesimulia mafuriko, magonjwa, watoto waliopotea njia. Mimi kilichoniangusha ni wivu. Naona mnatazamana. Ndiyo, mtu mzima wa miaka arobaini, mfiwa, nilishikwa na wivu mpaka nikaacha kumwombea dua mke wangu aliyekufa. Hilo ndilo nililokuja kusema.

Sitamtaja mtu jina. Mwenyekiti amekataza, na ni haki. Yupo mtu anakohoa pale karibu na nguzo, lakini huyo ana kifua tangu zamani, msimgeukie.

Mke wangu alikufa kwa homa ya siku tatu, mpunga ukiwa umeanza kuinama. Jumatatu aliamka akasema viungo vinamuuma. Alhamisi tukamzika. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka kumi na mmoja. Sikulia. Wengine mlinishangaa, najua, maana maneno yalinifikia. Mimi machozi huwa yanakwenda ndani, na huko ndani hayakauki upesi.

Mnajua asili yangu ni Umatumbi, milimani. Baba alishuka nasi Kibiti nikiwa mtoto, nami nikashuka zaidi mpaka huku kwenye maji kwa ajili ya biashara ya samaki. Nanunua hapa, nafunga tenga kwenye baiskeli, napeleka Kibiti, narudi. Huyu bwana ninayemsema ni mwenyeji wa hapa, mvuvi, mwenye mtumbwi wa kuvushia watu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Mtani msibani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha wakati wengine tunalia. Atalala kwenye kitanda cha maiti, ataficha jembe la kuchimbia kaburi mpaka apewe kitu, na siku ya kuondoa matanga atamwigiza marehemu mbele ya watu wote. Ni kazi yake. Asipoifanya, msiba unakuwa haujatimia.

Basi siku ya tatu, watu wamekula, wamekaa kwenye mikeka, mtani wangu akatokea nyuma ya nyumba amejifunga kanga za marehemu, ungo kichwani. Akaja akitembea.

Ndugu zangu, nawaambia kweli. Alikuwa ni yeye. Siyo sauti, mtani ana sauti ya chura. Ni mwendo. Alivyoibana kanga kwa kiwiko. Alivyofika kizingitini akasimama kidogo kabla ya kuingia, kama anayekumbuka jambo. Mguu wa kushoto ulivyochelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Akanitazama, akasema, "We bwana baiskeli! Leo umeleta samaki au umeleta kengele?"

Watu waliangua kicheko. Maneno yale yalikuwa yake kweli, aliyasema kila nilipoingia nikipiga kengele na tenga tupu. Kuna bibi alicheka mpaka akalia. Mwalimu wa madrasa alifunika uso kwa kofia. Na mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Ilipofika kesho yake asubuhi, nikiwa nimeinama kuziba pancha, kicheko kikageuka. Nikajiuliza: huyu mtu aliujuaje mwendo wa mke wangu namna ile? Alimtazama lini? Kwa nini alimtazama sana hivyo?

Hapo ndipo wivu ulipoingia. Nami niliukaribisha, nikaupa kiti.

Nikaanza kuhesabu siku. Msimu wa mpunga mke wangu alikuwa anavuka kwenda shambani, analala kwenye dungu siku nne, siku tano, kufukuza ndege na nguruwe. Anavushwa na nani? Na mtani. Mimi niko wapi? Niko barabarani na tenga. Nikakumbuka mara moja alirudi anacheka peke yake, nilipomuuliza akasema, "Watani zako hao, hawana maana." Wakati ule nilicheka naye. Sasa nikalichukua neno hilo nikaligeuza juu chini kama mtu anayetafuta tundu kwenye mpira.

Nilikuwa na desturi kila baada ya sala ya alfajiri kumtaja na kumwombea. Siku moja nilifika kwenye jina lake nikanyamaza. Nikasema moyoni, ngoja kwanza nijue. Kesho yake hivyo hivyo. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Mama yangu, ambaye nakaa naye nyumba moja, akaanza kuniuliza, "Mwanangu, hitima ya mkeo lini?" Nikamwambia mpunga haujatosha. Akaniuliza tena, nikamwambia nangoja ndugu zake kutoka Mohoro. Nilikuwa namdanganya mama yangu mzazi ili nisimsomee hitima mama wa nyumba yangu. Na yule ninayemnyima dua hawezi kujitetea. Nilijua kwamba hawezi, na bado nikaendelea.

Sasa sikilizeni jinsi maji yalivyoingia katika habari hii.

Miaka hii ya ruksa, biashara imefunguliwa, kila mwenye mtaji anakuja na lake. Kwetu walikuja wanunuzi wa kamba, hawa wa kuliwa, wakajenga banda la barafu na jenereta lao. Meneja wao, mtu mmoja mrefu anayependa kukimbia asubuhi bila kufukuzwa na kitu, akaitisha watu akasema kwao kuna shindano moja lenye michezo mitatu ndani yake. Unaanza kwa kuogelea. Ukitoka majini unapanda baiskeli. Ukishuka kwenye baiskeli unakimbia. Mshindi ni anayetangulia kuyamaliza yote matatu, siyo mmoja tu. Alilitaja kwa jina refu la kwao, sisi tukaliita tatu-kwa-moja. Zawadi ilikuwa mabati ya kutosha nyumba ya vyumba viwili.

Mtani wangu alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Watu wakasema bati hizo zimeshapata nyumba, nani atamshinda yule majini? Nilisikia watu wanamsifu hivyo. Nikaenda kwenye meza, nikasema, "Na mimi niandikeni."

Karani akainua kichwa. "Wewe? Si mtu wa milimani wewe?"

"Niandike."

Mtani alikuwa amesimama palepale. Akapiga makofi. "Jamani, Wamatumbi wameanza kuogelea! Wanaogelea kwenye beseni, lakini tuwape moyo."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijisemea, baiskeli nitamshinda, mbio nitamshinda, kilichobaki ni maji tu. Mtu mmoja tu nataka nimwache nyuma yangu, huyu huyu. Bati sikuziwaza hata kidogo. Nilitaka ashindwe mbele ya watu, kama alivyonifanya nicheke mbele ya watu.

Na kuogelea nilikuwa sijui. Nawaambia kweli. Miaka kumi na mitano nakaa kando ya maji, nikipanda mtumbwi nashika kingo mbili kama mtoto. Siku ya kwanza niliingia kwenye mkono wa maji chumvi, upande ule ambao mamba hawapendi kuja, maji yakiwa yamepwa. Nikadhani kuogelea ni nguvu. Nikapiga mikono, nikapiga miguu, kichwa nimekiinua juu kama mbuzi anayevushwa. Hatua kumi hivi, nikanywa maji, nikazama. Mkono ukanishika ukosi wa shati ukanitoa. Nani? Mtani.

Aliniweka kwenye matope akasubiri nimalize kutapika. Halafu akasema, "Mtani, unapigana na maji kama mtu anayeua nyoka. Maji hayajakukosea kitu. Njoo kesho maji yakijaa, nitakufundisha."

Nikakubali. Na ninyi mjue nilikubali kwa moyo gani. Kwanza, nijifunze kwake ili nimshinde kwa alichonifundisha. Pili, nikae naye karibu nimchunguze. Nilisema, mtu akikaa na wewe majini kila siku, siku moja atasema neno litakalomfunga.

Miezi miwili alinifundisha. Kitu cha kwanza hakikuwa kuogelea, kilikuwa kulala. "Lala chali," anasema, mkono wake uko chini ya kisogo changu. "Lala kama mgonjwa. Kifua kimejaa hewa, tumbo juu, masikio ndani ya maji. Usimtegemee mtu, nitatoa mkono." Akatoa mkono, nikazama. Tukarudia siku nne. Siku ya tano alitoa mkono nami nikabaki pale juu nikitazama mawingu, sikio halisikii chochote isipokuwa pumzi yangu. Nilitaka kufurahi. Nikamwona pembeni anatabasamu, furaha ikaisha.

Kisha akanifunza pumzi. Alisema shida yangu ni kwamba naitunza pumzi kifuani kama mchoyo. "Itoe ndani ya maji, yote, kwa pua na mdomo. Ukigeuza uso uwe huna kitu, uvute mpya." Na kugeuza uso siyo kuinua kichwa. Ukiinua kichwa miguu inazama, unakuwa unapanda mlima. Unalaza sikio moja juu ya maji, kama umelalia mto, jicho moja liko chini na jicho moja liko juu, unavuta, unarudi. Mikono siyo kupiga, ni kufikia mbele na kuvuta maji kuyapeleka kwenye paja. Miguu ipigwe kutoka kiunoni, magoti yasikunjwe kama ya mwendesha baiskeli. Hilo lilinichukua wiki tatu kuliacha. Kila nikichoka magoti yanajikunja, naye anapiga kelele, "Mtani! Umepanda baiskeli tena! Shuka!"

Baada ya hapo ikawa kuongeza. Mkoko huu mpaka ule, pumzika. Mikoko miwili, pumzika. Halafu mikoko mitano bila kupumzika, polepole, kwa sababu alisema mwenye haraka majini ndiye anayechoka. Mwisho tukavuka mkono wote wa maji, kwenda na kurudi, yeye akiwa pembeni yangu kwenye mtumbwi, anaimba nyimbo zake mbaya.

Na kila siku tukitoka majini, mkewe alikuwa ametuletea uji. Dada yangu, upo pale, nimekuona. Hili sijakuambia kamwe. Ulikuwa unanimiminia wa kwangu kwanza, kwa kuwa mimi ni mfiwa. Nami nilikuwa nakutazama nasema moyoni, kwa nini huyu yuko hai na wangu hayupo? Siku moja nilikwenda mbali zaidi. Nilitamani ufe wewe ili mtani naye aonje. Nilitamani hivyo huku kikombe chako kikiwa mkononi mwangu. Naomba unisamehe mbele ya watu hawa.

Haya. Tuendelee, maana nikisimama hapa sitamaliza.

Wiki moja kabla ya shindano, mtani akanionyesha jambo moja kuhusu mkondo. Tulisimama kando ya maji, bendera ya kampuni imeshachomekwa ng'ambo ya pili. Akasema, "Siku ile maji yatakuwa yanapwa. Yatakuwa yanakimbilia baharini. Usiilenge bendera. Lenga mkoko ule uliopinda, juu kule. Utaogelea kuelekea juu, na maji yatakushusha mpaka kwenye bendera. Umenielewa?"

Nikamwambia nimeelewa. Moyoni nikasema, mwongo. Anataka nizunguke njia ndefu, yeye anyooke.

Siku ikafika. Watu walijaa kingo zote mbili. Mitumbwi imepangwa, vijana wanapiga maji kwa upondo kutisha chochote kilichopo. Tulikuwa watu kumi na tisa. Meneja akapuliza filimbi.

Nikaingia. Pumzi ikaja vizuri, sikio kwenye mto wake, mikono inafikia. Nikainua jicho nikamwona mtani anakwenda juu, kwenye mkoko uliopinda, na wavuvi wote wa hapa wanamfuata. Nikasema, mmeona? Wote wanafuatana kama kondoo. Mimi nikanyoosha kwenye bendera.

Sijui niwaelezeje. Niliogelea vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, na kila nikiinua jicho bendera ilikuwa imehama. Iko kushoto. Iko kushoto zaidi. Maji yalikuwa yananibeba kama takataka. Nilipojua kosa langu nikageuka kupambana nayo, na hapo ndipo nilipoanza kuua nyoka tena. Mikono ikawa mizito, magoti yakajikunja, nikanywa chumvi. Nikaona mizizi ya mikoko inanijia na nyuma yake hakuna watu, ni maji tu mpaka baharini.

Mtani alikuwa ameshatoka. Angeweza kukimbilia baiskeli yake. Nilimwona amesimama kwenye matope, mikono mdomoni, anapiga kelele, "Lala! Mtani, lala! Acha kupigana! Lala!"

Nikalala. Chali, kifua kimejaa, masikio ndani. Maji yakanichukua, nikayaacha yanichukue. Nikahesabu pumzi ishirini. Mikono ikarudi kuwa yangu. Kisha nikajigeuza na kukata upande, polepole, bila kubishana na mkondo, mpaka mkono ukagusa mzizi. Nikatoka mbali chini ya bendera, nikatembea kwenye matope mpaka magotini kurudi kwenye baiskeli. Nilikuwa wa kumi na saba.

Baiskeli lakini ni kazi yangu. Huko sikuhitaji mwalimu. Njia ile ya tuta naijua kila shimo, nimeipita na samaki mgongoni miaka yote hii. Nikaanza kuwapita mmoja mmoja. Tulipofika njia panda na kugeuka nilikuwa wa saba. Tulipotupa baiskeli na kuanza kukimbia kuelekea banda la barafu nilikuwa wa tatu, na mbele yangu, hatua ishirini, ni mgongo wa mtani.

Nikamfikia kwenye uchochoro wa mashamba ya mpunga. Anahema, kifua chake kile. Nilikuwa nampita. Ndilo jambo nililolitaka tangu siku ya kujiandikisha, liko mkononi. Akanitazama kwa pembeni, uso umejaa jasho, akasema, "Umetoka! Alhamdulillahi. Nilidhani umekwenda Mafia, kisiwani." Akacheka huku anahema.

Sijui nini kilinishika. Labda ni kicheko chenyewe. Badala ya kumpita nikamuuliza, tukiwa tunakimbia bega kwa bega, "Uliujuaje mwendo wake?"

"Mwendo wa nani?"

"Wa marehemu. Siku ya matanga. Uliujuaje?"

Alidhani ni utani. Akafungua mdomo anijibu utani. Halafu akaniangalia vizuri, na akaacha kukimbia. Palepale. Na mimi nikasimama. Tukawa tumesimama katikati ya uchochoro kama watu wawili waliokutana kisimani.

"Mama yako alinifundisha," akasema.

"Nani?"

"Mama yako! Asubuhi ile, ulipokwenda mashineni kuchukua unga. Nilimwambia, mama, mimi sijui nimwigize vipi, marehemu nilikuwa namwona mgongo tu, anakaa mbele ya mtumbwi anatazama shamba lake. Akanipeleka nyuma ya jiko. Akanifunga kanga yeye mwenyewe. Akanipigisha mwendo mara tatu, kila nikikosea ananirudisha. Anasema, sivyo, mguu wa kushoto uchelewe. Anasema, simama mlangoni kwanza. Huku analia na huku ananicheka. Na lile neno la kengele amenipa yeye."

Mtu mmoja akatupita. Wa pili akatupita, akasema, "Wazee, vipi, mmeishiwa mafuta?"

Mtani akawaacha wapite. "Mwaka mzima ulikuwa na swali hilo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nikikushika kisogo majini, unalo?"

"Ninalo."

"Na mama yako mnakaa nyumba moja."

Nilitegemea anipige. Angenipiga ningeona ni sawa. Yeye alijifuta uso kwa mkono, akatema mate chini, akasema, "Mtani, wewe ni mpumbavu sana, nitakuambia vizuri baadaye. Sasa hivi bati zinaondoka." Akakimbia.

Alishika nafasi ya nne. Mimi nilitembea. Nilifika wa kumi na tatu. Kijana mmoja kutoka Mohoro ndiye aliyechukua bati, Mungu amjaalie nyumba yake.

Nikarudi nyumbani, chumvi imekauka mwilini. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikakaa chini nikamuuliza, "Mama, mguu wa kushoto wa marehemu ulikuwa na nini?"

Hakuinua kichwa. "Aliungua. Mwaka wa kwanza mlipooana. Wewe ulikuwa na homa, akawa anakukanda kwa maji ya moto, sufuria ikamponyoka. Alikuambia ni kidonda cha mbigili, hakutaka uone haya. Kwani hujawahi kuona anavyotembea?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka kabisa, na ndipo nilipoanza kuinuka. Miaka kumi na mmoja nimeishi na mwanamke huyu, na mguu wake unachelewa kwa ajili yangu, na sikuuona mpaka mtani alipovaa kanga. Nilipouona nikakasirika. Nikamtafuta mtu aliyemtazama mke wangu kupita kiasi, wakati mimi ndiye sikumtazama hata kiasi. Nilikuwa namwonea mtani wivu kwa kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nacho nyumbani kila siku, bure, na sikukichukua.

Mama akauliza, "Kwa nini unauliza leo?" Nikamwambia yote. Yote, kama nilivyowaambia ninyi. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza ungo wa kwanza. Kisha akasema, "Nenda makaburini ukamwombe radhi yeye kwanza. Mimi nitakusamehe ukirudi."

Nikaenda. Machozi yale ya ndani yalitoka huko. Na Ijumaa iliyofuata tulisoma hitima, wengi wenu mlikuja, mkala wali, hamkujua kwa nini mwenye shughuli alikuwa amechelewa hivyo.

Nawashukuru. Namshukuru mama, aliyenikubalia kurudi. Namshukuru mtani wangu, aliyesimama kwenye matope akaniita wakati bati zilikuwa zinamwita yeye, na ambaye mpaka leo akiniona kwenye maji anauliza kama naelekea Mafia. Namshukuru mkewe kwa uji wote ule, na kwa sura anayonitazama nayo sasa hivi, ambayo siijui bado ina maana gani. Nakishukuru chama, kwa sababu mtu akifiwa mnamletea mkeka na unga, lakini pia mnamsimamisha aseme.

Funzo langu ni dogo. Kama kuna mtu humu ana swali juu ya mwenzake, na mwenzake huyo yuko hai, amuulize leo, kabla hatujatawanyika. Mimi nilimuuliza mtu aliye kaburini mwaka mzima, kila alfajiri, kwa kumnyima jina lake. Hakunijibu. Na jibu lilikuwa jikoni linachambua mchele.

Nimemaliza. Sasa mtani anaweza kukohoa.